Mzee Anajisifu

Siku waliyomzika Fundi Shabani nilichelewa, kwa sababu basi la Kanazi siku hizi huondoka linapojisikia, na magoti yangu nayo yana saa zake. Nilifika Bukoba wanaume wamesharudi kutoka makaburini, nikaketi mkekani na wanawake. Mimi si mtu wa kulia misibani. Huwa naambiwa nina moyo mgumu, nami sibishi. Siku ile nililia mpaka wakaniletea maji, na mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu naye ni nani wa marehemu?" Lo, swali zuri lile. Baadaye Mwanaidi, binti mkubwa wa Fundi, akanivuta chumbani akanikabidhi boksi la karatasi ngumu lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na kanda, zile za zamani za gurudumu. "Baba alisema hii ni ya Shangazi Koku," akaniambia. "Alisema nikupe, nisikuulize kitu." Akanitazama kwa macho yale yale ya baba yake. "Lakini mimi nitauliza, Shangazi. Baba alitolewa kazini kwa ajili ya kanda, na mama amekufa bila kujua kanda hiyo ilisema nini. Arobaini ikipita nitakuja Kanazi na mashine yake, tuisikilize wote." Nikasema sawa.

Nilipofika nyumbani niliiweka juu ya meza ninapokatia mboga, nikavaa miwani. Juu ya boksi, kwa wino uliopauka, Fundi alikuwa ameandika kwa mkono wake mzuri wa mtu wa madrasa: NGENGE. MZEE ANAJISIFU. Mwandiko ni wake, lakini maneno hayo mawili ya mwisho ni yangu. Ni mimi niliyemwambia, na ni uongo. Kwa hiyo hizi siku arobaini nimekuwa nikizihesabu kama mtu anayengoja kuitwa barazani, na kwa kuwa siwezi kulala vizuri wala kupika vizuri, nimeona niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, kabla Mwanaidi hajafika.

Ulikuwa mwaka wa kuhamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, nami nilikuwa msichana aliyemaliza shule, mwenye mdomo mrefu na sketi fupi kuliko alivyopenda padri. Nilipata kazi katika ofisi moja mjini Bukoba iliyorekodi kwaya na ngoma za wilayani ili zipelekwe redioni. Waliniajiri kuandika majina kwenye maboksi ya kanda. Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma, hakina dirisha, kuta zote zimetundikwa magunia ya kahawa ili sauti isirudi, na kwa joto la taa za mashine magunia yale yalitoa harufu ya maganda ya kahawa mchana kutwa. Ukitoka mle ndani hata nywele zinanuka. Katikati palikuwa na meza, rekoda mbili kubwa, na mashine ya kuchanganyia sauti yenye safu nne za vifundo, kila safu ina vifundo vitatu: besi chini, kati katikati, trebo juu. Na mbele ya vifundo aliketi Fundi Shabani na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono, hedifoni masikioni, macho kafumba. Babu yake alitoka pwani na misafara, na wao walikuwa watu wa mjini Bukoba toka hapo. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata nilikuwa naona haya kufungua mdomo mbele yake. Lakini Kihaya alikuwa nacho cha sokoni tu: kusalimu, kupunguziwa bei ya ndizi, basi.

Sijui aliona nini kwangu. Siku moja aliniona nimesimama mlangoni nasikiliza, akanivisha hedifoni. "Unasikia nini?" Nikasema kwaya. "Hujasikia. Ndani ya kwaya kuna nini?" Nikasema kuna mwanamke ana mafua. Akacheka mpaka akakohoa. Toka siku hiyo, mchana mkewe alipoleta wali na samaki, nami nikatoa ndizi zangu na maharage kutoka Buhembe nilikopanga, tulikula haraka ili tupate nusu saa ya mafunzo. Alinifundisha bila kugusa mashine. Alinipeleka nyuma ya ukuta, akaongea akiwa upande wa pili. "Ulinisikia, lakini ulielewa?" Sikuelewa. "Hiyo ndiyo besi peke yake. Inakwambia kuna mtu, haikwambii anasema nini." Kisha akaziba mdomo kwa kikombe akasema maneno hayo hayo kama anayepiga simu. "Hapa kati. Maneno yanakaa kati." Kisha akanong'ona, kwa s na ch tupu. "Na huku juu kwenye trebo kuna meno, ulimi, mate, makaratasi. Ukitaka kumjua mtu, msikilize huku." Mimi niliona ni mchezo. Leo nikisikia mtu anaongea chumba cha pili bado naanza kumpunguza besi kichwani.

Kitu kimoja alikikataza kabisa, nacho ni kuongeza. "Mjinga huongeza, Koku. Akikosa kumsikia mwimbaji, anampandisha mwimbaji. Kisha ngoma haisikiki, anapandisha ngoma. Mwisho kila mtu anapiga kelele na hakuna aliyesikika. Fundi huuliza, nani amemkalia mwenzake? Amwondoe huyo kidogo." Kazi hiyo aliiita kusawazisha. Neno hilo lilimfurahisha sana mkuu wa ofisi yetu, mtu wa mikutano, ambaye alipita siku moja akasema, "Ehe, hata sauti nazo zimeingia kwenye usawa!" Fundi akainuka kwa adabu akajibu, "Usawa wa huku, mzee, si wote kuwa urefu mmoja. Ni kila mmoja asimzibe mwingine." Mkuu akacheka. Alipotoka, Fundi akaniangalia akasema taratibu, "Haya maneno hayatoki humu chumbani." Ndipo nilipoanza kuona kwamba alikuwa mwoga, na kwamba labda alikuwa na sababu.

Maana mwaka ule watu walikuwa wanasema kwa sauti ya chini. Katika kibanda nilikonunua maandazi, wanawake walinyamaza gari la serikali likipita, wakaendelea likishapita, na mazungumzo hayakuwa yale yale. Nilisikia habari za kijiji fulani ambacho nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Nilisikia mwingine akisema si kweli, zilibomolewa tu. Mimi nilikuwa kijana, na kijana ana masikio ya kusikia anachotaka. Nilitaka kujifunza vifundo. Nilisikia vijiji vipya na nikafikiri ngoma mpya.

Tulipelekwa Ngenge kurekodi ngoma ya shukrani ya watu waliohamia. Tukapita Muleba, tukaacha migomba nyuma yetu, tukateremka kwenye bonde la joto, la majani makavu na mbung'o. Nyumba za nyasi zilisimama kwenye mstari kama daftari la shule. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Walituandalia ugali wa muhogo, na wale akina mama waliotupakulia walikuwa wanaona aibu, kwa sababu kwetu Mhaya asipokula ndizi hajala, na mgeni usiyempa ndizi hujampokea. Mmoja alinong'ona, "Utusamehe waitu, ndugu yetu, shamba bado." Nikamwambia ni kitamu. Sikuweza kumeza.

Aliyepiga ngoma kubwa alikuwa mzee mwembamba, Ta Kalumuna. Alipojua mimi ni msichana wa Kanazi akatoa mfukoni kijifurushi cha jani kavu la mgomba, na ndani yake buni zile za kuchemsha na kukausha ambazo kwetu mgeni hupewa atafune. "Hizi zimetoka kibanjani kwangu," akasema. "Hizi ndizo za mwisho. Chukua mbili, mjukuu wangu, usichukue moja, moja ni ya ugomvi." Kwa asiyejua, kibanja si shamba tu. Ni migomba, na buni, na nyumba, na chini ya migomba wamelala baba na babu. Nikachukua mbili. Yeye alitafuna mfululizo, ka, ka, huku akikaza ngozi ya ngoma juu ya moto. Nilimuuliza kama amepazoea Ngenge. Alitazama gari letu, akatazama maikrofoni niliyoiweka karibu na ngoma yake, akasema, "Nitakwambia nikipiga." Nilidhani ni utani wa kizee.

Turudi Bukoba. Kanda ilibeba sauti mbili sambamba: upande mmoja tulikuwa na waimbaji, upande wa pili ngoma ya Ta Kalumuna, nzito hata sindano za kupimia sauti zilikuwa zinagonga mwisho. Fundi alisikiliza akainua kidole. "Kuna mtu anasema humu chini ya ngoma. Unamsikia?" Nilisikia mngurumo wa mtu, bila neno. Kwetu kuna desturi, mwanamume husimama mbele ya watu akajisifu kwa maneno ya mbio, vita alivyopigana na ng'ombe aliowapata, twaita kwevuga. Nikamweleza Fundi. Macho yakamng'aa. "Basi hiyo ndiyo roho ya wimbo. Mtoe huyo mzee, Koku. Bila kuongeza." Kesho yake alikuwa na homa, hakuja. Nikabaki peke yangu na vifundo.

Nilifanya kama alivyonifundisha, nikinakili kwenye kanda ya pili. Nilishusha besi ya ngoma kidogo, nikasikiliza. Nikashusha tena. Ngoma ikawa nyembamba lakini bado ngoma, na chini yake, jamani, pakafunguka. Nikaondoa kidogo waimbaji pale kwenye kati walipokuwa wamemkalia. Sauti ya mzee ikasimama chumbani waziwazi, na kati ya maneno nikasikia ka, ka, buni zikivunjika. Nilipiga kofi peke yangu. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyoimaliza bila mkono wa mtu. Na maneno niliyasikia, siwezi kusema sikuyasikia. Ta Kalumuna hakuwa anajisifu. Alikuwa anasema, "Wazima mmetuhamisha. Wafu wetu mmemwachia nani? Aliyetutoa kibanjani, naye afe, asipate wa kumzika kibanjani." Akayarudia mara tatu, kwa mapigo ya ngoma. Nilisisimka mikono yote miwili. Kisha nikafanya nini? Nikairudisha kanda mwanzo nikasikiliza tena jinsi ilivyotoka safi.

Fundi aliporudi, amejifunga shuka, nilimwekea. Alisikiliza kafumba macho mpaka mwisho. "Mashallah," akasema. "Mashallah, mwanangu. Mimi nilitumia miaka minne kufika hapa." Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Kisha akachukua kalamu na boksi, akauliza, "Anasemaje?"

Hapo ndipo. Nimeupitia mwaka wote na wakati wenyewe ni huo, kalamu ikiwa juu ya boksi. Ningemwambia ukweli angechomoa kanda, angerudisha ngoma mahali pake, na kazi yangu ingefutwa. Tena nilijiambia pale ofisini hakuna Mhaya mkubwa, wote wametoka mikoa mingine, na kule redioni nani atajua Kihaya? Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Anajisifu." Fundi akaandika.

Kabla ya kutumwa, kanda ilichezwa ofisini mbele ya wageni, saa nane mchana, madirisha wazi. Palikuwa na chai na karanga. Waimbaji walipoanza, wakubwa wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mimi nilisimama karibu na spika nikingoja sehemu yangu. Ilipofika, niliona kwanza mkono wa Ma Fransiska, mama wa chai, ukisimama na birika hewani. Aliniangalia. Sijasahau uso ule. Chai ilikuwa inamwagika kwenye sahani na hakuwa anaona. Wengine wote waliendelea kutafuna karanga, isipokuwa mmoja, afisa mpya aliyevaa suti ya Kaunda ya kijivu, ambaye tangu aje hakuwahi kusema neno lolote lisilo la Kiswahili. Aliweka kikombe chini polepole. "Rudisheni hapo," akasema. Tukarudisha. "Tena." Tukarudisha. Kisha akamwambia Ma Fransiska kwa Kihaya safi cha upande wa Muleba, "Mama, chai inamwagika."

Asubuhi yake alikuja chumba cha mitambo na wenzake wawili, akavuta kiti. Alitaka isikike zaidi. Fundi alikuwa ameshajua kuna jambo, hakujua ni jambo gani, alikuwa ananitazama tu. Wakanikalisha kwenye vifundo. Nikarudisha besi, ngoma ikanguruma, mzee akazama. "Jana ilikuwa wazi," akasema yule bwana bila kukasirika. Fundi akadakia, "Mashine imepata joto, mzee." "Basi tungoje ipoe." Tukangoja. Kisha yule bwana akanyoosha mkono mwenyewe, akashusha besi, akapandisha trebo, ovyo, kama mjinga anavyoongeza, na bado zikasikika: ka, ka. Akatabasamu. "Anatafuna buni. Na ngoma iko hapo hapo mdomoni kwake. Ni mpigaji." Akageuka. "Nani aliisafisha kanda hii?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini Fundi alishasema, "Mimi." "Na ulijua anachosema?" "Mimi Kihaya sijui, mzee. Nilidhani anajisifu." Yule bwana akatazama boksi, akasoma, akanitazama mimi mtoto wa Kanazi, kwa muda mrefu sana. "Na huyu?" "Huyu anaandika majina tu, vifundo hugeuza ninapomwambia," akasema Fundi. Nikafunga mdomo. Nimeufunga toka siku hiyo.

Fundi alitolewa kazini wiki hiyo hiyo, akaishia kutengeneza redio kwenye kibaraza cha nyumba yake. Gari lilikwenda Ngenge. Ta Kalumuna alichukuliwa kwa mahojiano, na dereva ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mzee hakubisha, aliomba tu apitishwe kibanjani kwake aione migomba, wakamwambia njia si hiyo. Alirudishwa baada ya miezi kadhaa, hawezi kushika hata kijiti cha ngoma. Hakumaliza masika. Alizikwa Ngenge, kwenye ule mstari wa nyumba, mahali ambapo hapajaota mgomba. Yule aliyelaaniwa, sijui alizikwa wapi. Huyu aliyelaani najua.

Nilibaki kwenye mashine miaka mingi, nikawa fundi wa kweli, wakawa wananisifu. Fundi Shabani nilimtembelea kila Idi, nikala pilau yake. Hakuniuliza hata siku moja. Wakati mwingine aliniwekea redio aliyotoka kuitengeneza, akasema, "Sikiliza, besi imezidi?" nami nikasema imezidi kidogo, akapunguza. Nilidhani kanda ile ilichukuliwa. Kumbe yeye alibaki na ile ya kwanza, ya Ngenge yenyewe, kabla sijaigusa, akaihamishia boksi lenye maneno yangu.

Mwanaidi amekuja jana. Alibeba mashine ya baba yake kwenye kitenge, nzito, akaiweka hapo mezani, akaikung'uta vumbi, akaivalisha kanda. Nilimpikia ndizi na maharage, hakula. Gurudumu likazunguka. Ngoma ikajaa chumba chote, waimbaji kwa mbali, na chini yao mngurumo tu. Alisikiliza mpaka mwisho amekunja uso. "Ni ngoma tu, Shangazi," akasema. "Baba alifukuzwa kwa ngoma?"

Ningeweza kusema ndiyo, mwanangu, nyakati zilikuwa mbaya. Ingekuwa kweli pia. Angekunja kitenge chake, angekwenda. Niliinuka, magoti yakalia, nikarudisha kanda mwanzo, nikashika kifundo cha besi, nikakishusha kidogo. Nikasikiliza. Nikakishusha tena. Ta Kalumuna akatokea mezani pangu na buni zake mdomoni. Mwanaidi akashika kifua.

"Kuna mtu! Anasemaje?"

Nikamwambia, neno kwa neno, mara zote tatu. Kanda ikatoka kwenye gurudumu ikawa inapiga piga meza.

"Na baba alijua?"

"Hakujua," nikasema. "Aliniuliza kama ulivyoniuliza wewe sasa hivi. Nikamwambia mzee anajisifu."